Ndege Inavyoshikwa Merikebuni

Mtumbwi uchukuliwao na mkondo wa Kilombero wakati wa masika haufai kusimamishwa ghafula. Kamba ikifungwa mtini kwa fundo, hukatika, au mtumbwi hupinduka. Mwenye akili huizungusha kamba katika shina, akaiachia iteleze kidogo kidogo hata mwendo upungue.

Shauri hilo ndilo walilolihitaji mabaharia walipotaka ndege itue merikebuni, maana sitaha ni fupi na mbele yake ni bahari. Januari 1911 Mmarekani Eugene Ely alitua juu ya manowari Pennsylvania, iliyotia nanga San Francisco. Juu ya jukwaa la mbao zilitandazwa kamba 22, kila kamba ina mfuko wa mchanga ncha hii na ncha hii. Kulabu za ndege zilizinasa, mifuko ikaburutwa, ndege ikasimama. Mchanga tu!

Waingereza walijaribu bila kamba. Agosti 2, 1917, Edwin Dunning alitua juu ya Furious, nayo inakwenda, wenzake wakaikimbilia ndege na kuishika kwa mikono. Siku 5 baadaye alijaribu tena. Ndege ikaenda kando, ikatumbukia baharini, naye akafa maji.

Baadaye kamba zikawa za chuma, ncha zake zikapita chini ya sitaha mpaka kwenye mashine. Kamba ikivutwa, husukuma mchi wa chuma ndani ya bomba nene, na kiowevu kilichomo hupenya kwa shida katika tundu jembamba. Merikebu Illustrious na Formidable, zenye kamba za namna hiyo, zilikaa Kilindini, Mombasa, mwaka 1942. Centaur nayo ilifika mbele ya Dar es Salaam Januari 1964, askari walipoasi. Lakini siku ile kazi ilifanywa na helikopta, zisizohitaji kamba.

Ndege za siku hizi hufika kwa mwendo wa kilomita 240 hivi kwa saa, zikasimama katika mita 100 tu. Rubani akigusa sitaha huongeza nguvu za injini, asipunguze, ili kulabu ikikosa kamba aruke tena. Uzito wa ndege hujulikana kwanza, na tundu hupimwa kwa kadiri yake: likikosewa, ndege nyepesi huvunjika, na nzito hutumbukia. Katika merikebu Gerald R. Ford ya Marekani, iliyoanza kazi 2017, kamba huzungusha magurudumu ndani ya maji, na mota ya umeme husawazisha mvuto wakati ule ule ndege inaposhikwa.