Jina Robert Katika Ufuo wa Ziwa Viktoria: Asili, Matamshi na Mapokezi

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na jina Robert mapema, kupitia kwa Shaaban Robert (1909–1962). Kwa kuwa mshairi huyo alikuwa Mwislamu, jina lake ni onyo tosha kwa anayedhani kwamba jina hufichua dini ya mtu. Makala haya yanalichunguza jina hilohilo Kisumu na ufuoni mwa Ziwa Viktoria, ambako liliingia kwa mlango wa ubatizo.

Asili yake ni lugha za jamii ya Kijerumani: hrod, yaani sifa au umaarufu, na beraht, yaani -enye kung'aa. Wanormani walioiteka Uingereza mwaka wa 1066 ndio waliolieneza huko. Nchini Marekani liliongoza majina ya wavulana kuanzia 1924 hadi 1939. Leo halimo hata katika 50 ya kwanza.

Wamisionari wa Kianglikana walianzisha Shule ya Maseno mwaka wa 1906. Mbatizwa alitarajiwa kupokea jina la Biblia au la Kizungu. Robert halimo katika Biblia, ingawa Wakatoliki walikuwa na Robert Bellarmine, aliyetangazwa mtakatifu mwaka wa 1930. Jina jipya lilitangulia lile la Kijaluo bila kulifuta, na hapa ndipo penye utamu wa suala hili. Jina la Kijaluo husema jambo: Otieno alizaliwa usiku, Okoth wakati wa mvua, Ochieng' jua likiwaka. Robert lilikuwa bubu. Ajabu ni kwamba nusu yake ya pili inakaribiana na Ochieng' kimaana, lakini mng'ao huo ulikuwa umezimika hata kwa Waingereza wenyewe.

Kimatamshi, lilipata makao mepesi. Dholuo huruhusu konsonanti mwishoni mwa neno, kama katika ot (nyumba) na got (mlima). Kiswahili, kinachopenda silabi wazi, kiliongeza irabu katika shati, koti na blanketi.

Si wote waliokubali majina hayo. Jaramogi Oginga Odinga aliacha jina lake la ubatizo, Adonijah, akashikilia wanawe wabatizwe kwa majina ya Kiafrika. Hoja yake ilihusu mamlaka: nani ana haki ya kumwita mtoto?

Robert lilipata uzito wa kienyeji kupitia kwa Robert Ouko, mzaliwa wa Nyahera karibu na Kisumu, Waziri wa Mambo ya Nje, ambaye mwili wake ulipatikana karibu na kilima cha Got Alila, Koru, Februari 1990. Hata hivyo, watu husema "mauaji ya Ouko", wala si ya Robert. Isitoshe, Robert Ouko mwingine, mwanariadha kutoka Kisii, alikuwa katika timu ya Kenya iliyoshinda dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, huko Munich mwaka wa 1972. Jina la ubatizo, lililotarajiwa kuwatofautisha watu, hapa halikutofautisha lolote.

Barack Obama alipochaguliwa rais wa Marekani Novemba 2008, vyombo vya habari viliripoti watoto waliozaliwa Kisumu wakiitwa Barack na Michelle. Barack halina asili ya Kijerumani. Lina mzizi mmoja na neno baraka, ambalo mzazi wa Kisumu halihitaji kutafsiriwa.