Niliyojifunza kwa Kuonyesha Filamu Kando ya Ziwa

Tangu 1998, Zanzibar imekuwa na tamasha lake la kimataifa la filamu, ZIFF. Nilipotoka kulitazama nilirudi Kisumu na hamu moja: watu wa ufuo wetu waketi pamoja mbele ya skrini kubwa, waone filamu za Afrika. Wenzangu nami tumekuwa tukizunguka bichi kwa bichi na projekta na jenereta. Haya ndiyo tuliyofunzwa na kazi yenyewe.

1. Watazamaji wapo.
Ingia kibanda cha video Kondele, hapa Kisumu, uone. DJ Afro anasimulia filamu ya Kihindi au ya Kichina, na ukumbi mzima unamjibu, unambishia, unamwonya steringi kwamba adui yuko nyuma yake. Kwenye ZIFF, ndani ya Ngome Kongwe, chini ya anga la Unguja, nilisikia shangwe ya namna hiyo hiyo. Kwangu hiyo ni heshima kubwa kwa filamu, na tamasha la kwetu lisithubutu kuinyamazisha.

2. Ratiba hupangwa na ziwa.
Wavuvi wa omena (dagaa) hutoka usiku wa giza, maana omena hufuata taa. Mbalamwezi ikiwa kali, hubaki nyumbani. Basi usiku unaoifaa skrini ndio usiku ambao wanaume wako majini, na wakiwapo, mwezi unaifubaza picha. Tena, mwezi unapoandama ndipo wadudu wa ziwani hupanda kama wingu na kuuvamia mwanga wa projekta. Sisi huwasha taa kali pembeni, mbali kidogo na watu, ili wengi wakimbilie huko.

Afueni iko kwenye msimu wa kufunga. Upande wa Kenya, uvuvi wa omena husimamishwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Aprili na Mei zina mvua. Juni na Julai ndiyo miezi ya kushika: wavuvi wako nchi kavu, mifuko yao imekauka, jioni ni ndefu, na kiingilio lazima kiwe bure. ZIFF nayo kwa miaka mingi imefanyika karibu na Julai, kwa hiyo mtengenezaji filamu aliyefika Unguja angeweza kupitia Kisumu kabla ya kurudi kwao.

3. Spika kwanza.
Shuka jeupe lililokazwa vizuri linatosha kuwa skrini. Sauti ikikwaruza, watu huondoka.

4. Waulize akina mama saa.
Akina mama wachuuzi wa samaki huamka alfajiri. Filamu inayoanza saa tatu usiku imewafungia mlango. Tuanze giza linapoingia tu, na tuwafuate walipo, kama ZIFF ilivyopeleka filamu hadi vijijini Unguja na Pemba.

5. Filamu ya ziwa huleta mjadala mkali.
Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, ambamo kijiji kizima kinamtengenezea filamu msichana mgonjwa, iliwaliza watu wazima. Lakini Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ya 2004, ndiyo iliyotukesha. Ilipigwa Mwanza, kwenye ziwa hili hili: minofu ya mbuta inapanda ndege kwenda Ulaya, wenyeji wanabaki na vichwa na mifupa. Nchini Tanzania filamu hiyo ilipokewa kwa hasira, hadi Rais Kikwete akaikosoa hadharani. Kwetu, akina mama wanaokaanga mgongo wazi, yaani mifupa hiyo ya mbuta, waliitazama hadi mwisho, kisha wakataka kujua kwa nini mabaki yale yameonyeshwa kama aibu tupu, ilhali ndiyo yaliyowalipia watoto wao karo. Waliwakasirikia wenye viwanda pia, na kwa haki, lakini walidai kazi yao ionekane.

Nataka filamu inayolibeba swali lile. Ipigwe na kijana wa ufuo huu, na watu wa bichi ya Dunga, hapa Kisumu, waione kabla ya Zanzibar.