Niliyojifunza kwa Vunjajungu wa Shandong

Masomo ndiyo yaliyonipeleka Yantai, jimbo la Shandong, China. Jioni nilikuwa nafanya mazoezi ya tanglangquan, kung fu ya vunjajungu. Haya ndiyo yaliyonikaa akilini.

1. Miguu kwanza. Hadithi ya wenyeji inasema Wang Lang, mpiganaji aliyekuwa ameshindwa, alimwona vunjajungu akimnasa nyenze, akaiga mikono yake. Miguu ya mdudu haikumfaa, akaazima hatua za kima. Hata kama ni ngano, ina akili: vunjajungu hungoja windo lijilete, wewe lazima ulifuate kwa miguu imara. Ndiyo maana wanafunzi wapya husimamishwa kwanza katika mabu, mkao wa farasi, mpaka mapaja yatetemeke.

2. Mkono wa ndoano ni wa kuvuta. Mtindo huu una maneno 12 ya kanuni, na matatu ya mwanzo ni gou, lou, cai: nasa, shika, nyakua. Ngumi ikija, mkono mmoja unainasa kwenye kifundo cha mkono, wa pili unashika karibu na kiwiko, kisha yote miwili inamvuta mtu chini ghafla, kwa nguvu fupi. Kabla hajasimama sawa, ngumi yako imeshamfikia. Shifu, yaani mwalimu wangu, mzee mwembamba kabisa, aliponifanyia hivyo nilisikia meno yangu yakigongana. Wale wanaokunja vidole kama ndoano mbele ya kamera sijui wanamvuta nani.

3. Kisigino nacho kina kazi. Katika tawi la Nyota Saba kuna mkao ambao mguu wa mbele hugusa chini kwa kisigino tu, vidole vikitazama juu. Pichani ni pozi. Katika pambano mguu huo humziba mwenzako asiweze kupiga hatua, mikono ikimvuta, naye huanguka mwenyewe.

4. Uliza tawi. Yapo Nyota Saba, Ua la Plamu, Liuhe na mengine, na hayafanani. Luo Guangyu alianza kufundisha Nyota Saba katika Jumuiya ya Jingwu, Shanghai, mwaka 1919, baadaye tawi hilo likashika mizizi Hong Kong; ndiyo maana nje ya China wengi hukutana na hilo. Ukipata mwalimu, mwombe akuonyeshe matumizi ya Bengbu, mfululizo wa msingi, akiwa na mtu mbele yake. Akikuonyesha sarakasi tu, mshukuru, ushike njia.