Maneno ya Talaka Yampasayo Mume Kuyajua Kabla ya Kufika kwa Kadhi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jua, ewe ndugu Muislamu, ya kwamba wengi husimama mbele ya Kadhi wakasema, "Nimemwacha." Wakiulizwa, "Kwa talaka gani?" hunyamaza. Neno kuacha ni moja vinywani mwetu, walakini katika sharia njia za kuvunjika ndoa ni mbali mbali, na kila njia ina hukumu yake. Asiyezijua huweza kukaa na mwanamke asiyekuwa mkewe tena, au kumzuilia haki aliye bado mkewe. Tumezieleza hapa kwa madhehebu ya Imamu Shafii, yafuatwayo na wengi wa pwani yetu.

1. EDA. Ni muda angojao mwanamke kabla hajaolewa na mwingine. Mwenye kuona damu hungoja tohara tatu. Asiyeona damu, miezi mitatu. Mwenye mimba, hata azae. Na aliyefiwa na mume, naye hana mimba, miezi minne na siku kumi. Aliyeachwa kabla ya kuingiliwa hana eda.

2. TALAKA REJEA. Ni talaka ya kwanza au ya pili, apewayo mke aliyekwisha kuingiliwa, pasipo mume kupokea mali. Maadamu eda haijesha, nafaka na nyumba ni juu ya mume, na mmoja wao akifa mwenziwe humrithi. Mume aweza kumrejea bila nikahi mpya wala mahari; lakini sharti amrejee kwa kauli, aseme, "Nimekurejea katika nikahi yangu." Kumwingilia tu si kumrejea, bali ni haramu kabla ya kauli hiyo. Na ni vyema ashuhudishe watu wawili.

3. TALAKA BAINI. Nayo ni namna mbili. Baini ndogo ni kama eda ya rejea ikiisha bila kurejeana: hapo hawarudiani illa kwa nikahi mpya, walii, mashahidi na mahari. Baini kubwa ni talaka ya tatu: hamwoi tena mpaka aolewe na mume mwingine kwa ndoa ya kweli, amwingilie, kisha aachwe kwa hiari au afiwe, na eda iishe. Aliye katika eda ya baini ana haki ya nyumba. Nafaka hana, illa akiwa na mimba.

4. KHULUI. Ni mke kujivua kwa kumpa mume mali, naye akakubali. Mume akiisha kupokea, mke huwa baini, wala hana njia ya kumrejea edani. Na mume amtesaye mkewe kusudi ajikomboe, huyo ala mali ya haramu, na Mwenyezi Mungu amelikataza jambo hilo katika sura ya Nisaa, aya ya 19.

5. FASKHI. Ni kuvunjwa ndoa kwa sababu ya sharia, kama mume aliyeshindwa kabisa na nafaka, au mwenye kichaa. Mke humwendea Kadhi, na Kadhi hutazama bayana. Faskhi haihesabiwi katika talaka tatu.

6. MUT'A. Hapa si ile ndoa ya muda iliyo haramu. Ni kiliwazo apewacho mke aliyeachwa baada ya kuingiliwa, kwa kadiri ya uwezo wa mume. Wengi huisahau, nayo ni wajibu.

7. HADHANA. Ni kulea mtoto. Mama ndiye wa kwanza, maadamu hajaolewa na mume mwingine, hata mtoto apambanue mambo, yapata miaka saba. Kisha huhiarishwa baina ya wazazi wake. Na nafaka ya mtoto ni juu ya baba, popote akaapo mtoto.

SWALI: Mtu aliyesema kwa hasira, "Nimekupa talaka tatu," aweza kumwambia Kadhi, "Sikukusudia"?

JAWABU: Neno talaka ni wazi, halingoji nia, na katika madhehebu yetu tatu za mkupuo mmoja ni tatu. Hasira si udhuru, illa iliyomwondolea mtu akili asijue asemalo. Ama maneno ya fumbo, kama "Nenda kwenu," hayo hutazamwa nia yake.

SWALI: Mke akidai ameachwa, na mume akakana?

JAWABU: Bayana ni juu ya mdai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Mke asipokuwa na mashahidi, mume huapishwa. Naye ajue kwamba kiapo cha uwongo hakimhalalishii mwanamke mbele ya Mungu, ijapokuwa Kadhi amehukumu kwa dhahiri.

Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeipa mahkama ya Kadhi mambo ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali hukumu yake. Lakini Kadhi huhukumu kwa neno ulilokwisha kulitamka. Basi liulize kwa wanavyuoni lingali kinywani mwako. Likiisha kutoka, ni wewe uliye chini yake.

Wallahu aalam.