Kuzamia kutoka ufukweni Jambiani

SWALI: Nataka kuzamia na mtungi Jambiani bila kukodi boti, nitembee mpaka mlango wa mwamba. Nichague siku gani?

JIBU: Usiende wakati wa bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa mbali sana, kwa hiyo utabeba mtungi wa kilo kama 16 juu ya mawe na miba ya baharini, ukipita kando ya mashamba ya mwani ya watu. Yakianza tena kupwa, maji yote ya ndani hukimbilia mlangoni, na hakuna mapezi yatakayoshindana nayo.

Subiri maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Siku hizo maji hujaa karibu saa nne asubuhi na mkondo hupungua nguvu. Ingia kabla hayajajaa kabisa, urudi ndani kabla hayajageuka. Kusi ikivuma, ahirisha. Oktoba na Novemba bahari hutulia zaidi.

Muulize mvuvi wa hapo kuhusu mlango huo, maana jedwali la maji halijui mawe. Na ukiwa huna mwenzako wa kuzamia naye, kodi boti tu.