Picha ya Kiwanja Isipotee Kwenye Ramani ya Nyumba

Mkazi anayetaka kujenga anahitaji idhini ya serikali ya kaunti kabla ya kuchimba msingi, kwa mujibu wa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Siku hizi ramani nyingi za nyumba huchorwa kwa kompyuta, kwa programu kama AutoCAD. Chini ya mistari ya mchoro, mchoraji anaweza kuweka picha ya setilaiti ili kiwanja kionekane mahali kilipo.

Picha hiyo si pambo. Mto Tana ulivunja kingo zake mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, na familia nyingi za Garissa zikahama makwao. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka ukingo usiojengwa wa mita 6 hadi 30 kila upande wa mto, kwa kuzingatia kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Mchoro wa kuta peke yake hauonyeshi mto au laga iko umbali gani.

Tatizo ni kwamba AutoCAD haihifadhi picha ndani ya faili ya mchoro. Huhifadhi anwani tu: jina la picha na folda ilimo. Mchoro ukitumwa peke yake kwa barua pepe au flashi, kompyuta ya pili huitafuta picha na kuikosa. Anayekagua huona fremu tupu yenye jina la faili.

Mchoraji anaweza kuzuia hilo hivi:

1. Aweke mchoro na picha katika folda moja kabla ya kuviunganisha, na asibadilishe jina la picha baadaye.

2. Achague anwani inayoanzia pale mchoro ulipo, si ile inayoanzia kwenye diski ya kompyuta yake.

3. Alinganishe vipimo. Ikiwa ni mita 30 kutoka bikoni moja hadi nyingine kiwanjani, picha nayo isome mita 30.

4. Wakati wa kutuma, atumie amri ya eTransmit, ambayo hukusanya mchoro na picha zake katika kifurushi kimoja.

5. Aongeze nakala ya PDF. Humo picha huwa sehemu ya ukurasa wenyewe.

Mwenye kiwanja hahitaji kujua kuchora. Kabla ya kumaliza kumlipa mchoraji, aombe kazi ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine, kisha aulize: mto uko wapi, barabara iko wapi, kiwanja changu kiko wapi? Fremu ikiwa tupu, kazi haijakamilika. Ni afadhali kuirudisha siku hiyo kuliko kugundua kosa msingi ukiwa umeshamwagwa.