Mimba Ikitoka Tena na Tena

Mama, umepoteza mimba ya kwanza, ya pili, na sasa ya tatu. Nyumbani wameanza kusema. Mama mkwe anasema umelaaniwa, jirani anasema umerogwa, bwana yako amenyamaza tu. Keti hapa kwenye benchi tuzungumze.

Mimba moja kutoka si jambo geni. Katika kumi, moja au mbili hutoka zenyewe, mara nyingi kwa sababu mtoto hakuumbika vizuri tangu mwanzo. Si kosa lako, wala si ule mzigo wa kuni uliobeba. Lakini zikifika tatu, lazima kutafuta sababu, na pengine sababu iko katika damu.

Damu yetu ina askari wanaopigana na magonjwa. Kwa wanawake wengine askari hao wanakosea, wanaugeukia mwili wenyewe. Damu inaganda katika kondo la nyuma, ile nyama inayomlisha mtoto. Njia za chakula zinaziba, na mtoto anakufa. Mganga Graham Hughes wa London aliueleza ugonjwa huu mwaka 1983.

Sasa sikiliza sana, maana hapa nyumba inaweza kuvunjika bure. Kipimo cha zamani cha kaswende, kile cha VDRL au RPR, kinatumia mafuta ya aina iliyomo katika moyo wa ng'ombe. Askari waliokosea nao huyashika mafuta hayo. Basi karatasi inasema kaswende, kumbe mama hana! Bwana anauliza, "Umeitoa wapi?" Kabla ya kugombana, ombeni kipimo cha pili, kinachotafuta kaswende yenyewe. Na kama mganga anataka kuwachoma penisilini siku ileile, kubalini wote wawili. Kaswende ya kweli inaua watoto tumboni, haifai kuingoja.

Kwa ule ugonjwa wa askari, dawa iko: aspirini kidogo sana kila siku, pamoja na sindano ya heparini chini ya ngozi. Huko London wanawake 90 walifuatwa, na habari zao zikatolewa mwaka 1997. Waliopewa aspirini peke yake, 42 kwa 100 walizaa mtoto hai. Waliopewa zote mbili, 71 kwa 100. Lakini usijinunulie aspirini sokoni! Kidonge cha maumivu kina nguvu mno kwa kazi hii. Kwanza damu ipimwe mara mbili, na katikati yapite majuma 12.

Kuna sindano nyingine iliyosifiwa zamani. Walitoa seli nyeupe katika damu ya bwana, wakamchoma mke, eti askari wake wamzoee mtoto. Huko Marekani waliijaribu kwa uangalifu, na mwaka 1999 majibu yakatoka: waliochomwa, 36 kwa 100 walipata mtoto, waliochomwa maji matupu ya chumvi, 48. Mtu akikuomba dola kwa sindano hiyo, funga mkoba wako.

Ukiwa Kiwanja, anza na kituo cha afya cha karibu. Vipimo vya askari hawa havifanywi kila mahali, pengine utaandikiwa karatasi ya kwenda Rutshuru au Goma. Lete karatasi zako zote za zamani, hata zilizochanika, na useme kila mimba ilitoka mwezi wa ngapi. Usingoje tumbo lionekane. Ukikosa siku zako, njoo juma lilelile, na bwana aje pia.